Kibanda cha rolex kikijaa wateja, ufungue cha pili?

Mtoa mada: Wadau, hapa Kampala kila anayetoa ushauri wa biashara anasema kibanda kikijaa, fungua cha pili. Napinga. Tuchukue kibanda kinachouza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) 80 kwa siku, kila moja mayai mawili: treya 5 na mayai 10, unga kilo 5 hivi. Kwa bei ya 3,000, jioni pesa ziwe 240,000. Hesabu funga kwa mayai, si kwa unga, maana donge la chapati hupunguzwa ukubwa lakini yai halipunguzwi. Kibanda cha pili hakina macho yako. Mayai 6 yakipotea kila siku ni rolex 3, yaani 9,000. Kwa siku 300 ni milioni 2.7.

Mdau wa Jinja: Ndugu yangu, umesahau pango. Mwenye nyumba akipandisha, hakuulizi kama umeridhika na kibanda kimoja. Mkaa nao ukipanda, hicho kimoja kinabeba mzigo wote peke yake. Na foleni usiyoimaliza itamvuta mwingine aweke sigiri (jiko la mkaa) hatua kumi kutoka kwako.

Mtoa mada: Foleni ni shida ya kikaango, dada. Rolex moja hukaa motoni kama dakika 3, kwa hiyo sigiri moja haipiti 20 kwa saa. Weka sigiri ya pili palepale. Chapati zipikwe mapema na zifunikwe kwa kitambaa. Zikiachwa wazi hukauka, ukikunja zinapasuka na nyanya zinamwagika. Kabichi ikatwe alasiri, ila chumvi itiwe wakati wa kupiga yai tu. Ikitangulia, kabichi hutoa maji na yai halishikani.

Mhasibu: Niongeze ya kodi. Kwa viwango vya 2020 vya biashara ndogo, mauzo ya milioni 72 kwa mwaka (240,000 kwa siku 300) hulipa 312,000 ukiwa na kumbukumbu, 400,000 bila kumbukumbu. Vibanda viwili ni milioni 144: 808,000, au 900,000. Hayo yanabebeka. Kinachonitisha ni zile milioni 6 zilizobaki kufika kikomo cha 150. Pandisha bei kwa 200 tu, umevuka: unatoka kwenye viwango hivyo na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inakuhusu. Tena tangu 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kumchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara, juu ya 5 anayokatwa mwenyewe.

Mdau wa Jinja: Sawa, lakini sigiri ya pili nayo ni kukua. Na mwenyewe akiugua wiki mbili, nani atashika kikaango? Mwenye vibanda viwili ana mtu tayari.

Mtoa mada: Hapo umenibana, na nakubali. Basi, mfanyakazi wa sigiri ya pili afundishwe kukanda, kununua na kufunga hesabu ya treya, na siku moja kila wiki aendeshe peke yake. Faida iwekwe kwanza kwenye pango la miezi 3 na unga wa mwezi mzima. Kibanda cha pili sikitaki hata hapo.

Mdau wa Jinja: Huyo ukishamfundisha yote, atafungua chake. Mlipe kwa idadi ya rolex, si kwa siku.