Juniperi zangu za kutambaa zinakauka mteremkoni: nikate, ning'oe au nisubiri?

Mpanda Ngazi

Habari zenu wakuu. Kwa kawaida huwa nasoma kimya kimya tu, ila leo yamenifika shingoni nikaona nifungue uzi.

Mbele ya nyumba yangu kuna mteremko wa kama mita 12 kwa 5. Nyasi zilinishinda. Kuzikata pale ni kutafuta kuvunjika mguu, na mvua ikinyesha udongo unaporomoka mpaka kwenye njia. Nikashauriwa nipande juniperi za kutambaa, vichaka hivi vifupi vyenye rangi ya buluu ya fedha, aina ya 'Blue Rug'. Nikaambiwa ukishapanda umemaliza kazi: zinatanda kama mkeka na hazipukutishi majani mwaka mzima.

Nilipanda miche 16, sasa inaingia mwaka wa tatu. Tisa imestawi kiasi kwamba mgeni hapiti bila kuuliza. Saba inanitia aibu. Mingine imekuwa kahawia nusu, mingine imebaki mifupa mitupu. Fundi aliyenipandia anasema tuikate yote hiyo saba mpaka karibu na shina, eti itachipua upya kwa nguvu. Mkasi ameshanoa, anakuja Jumamosi.

Naombeni ushauri. Picha nimejaribu kupandisha, imegoma.

Bwana Magugu

Nimekaa hapa mbele kabisa nawasubiri wataalamu. Mie yangu ilikufa yote, kwa hiyo ushauri wangu usiufuate.

Bi Mkasi

Mpigie simu huyo fundi leo, asisubiri Jumamosi!

Juniperi si waridi. Ukikata waridi chini linachipua, ukikata juniperi mpaka sehemu ya tawi isiyo na majani, pale pamekwisha. Matawi yake makavu ya ndani hayana macho ya kuchipua. Lile pengo litabaki pengo mpaka tawi la jirani lije kulifunika, na hilo ni suala la miaka.

Kanuni ninayoitumia ni moja: mkasi unaishia palipo na kijani. Nikitaka kufupisha tawi nalifuata chini ya tawi lililolilalia juu, nakata pale, na lile la juu linaficha kidonda. Usipunguze kingo kwa mkupuo kama unanyoa ua wa michongoma, maana utabaki na ukuta wa vijiti unaoonekana kutoka barabarani. Wakati mzuri ni kabla machipukizi mapya hayajaanza kutoka. Na kama mmea ulipewa nafasi yake tangu mwanzo, unaweza kukaa miaka bila kuuona mkasi.

Kaka Mbolea

Mkuu hizo zina njaa tu. Mwaga samadi ya kutosha na mbolea ya chumvichumvi, wiki tatu unakuja kutushukuru hapa.

Mzee Kitalu

Kaka Mbolea, taratibu. Mgonjwa hatujampima wewe umeshachoma sindano.

Mpanda Ngazi, kabla ya mkasi na kabla ya mbolea nijibu haya. Hiyo saba iko wapi, imetapakaa au imejikusanya sehemu moja? Ukahawia umeanzia nchani au ndani? Maji unamwagiaje, na mara ngapi? Udongo ukiushika unanata au unapukutika? Shimo lilijazwa nini siku ya kupanda?

Ukahawia wa ndani peke yake usikutishe. Sindano, yaani majani yake membamba, za zamani zilizokosa jua hufa na kudondoka, ndiyo kawaida ya mmea huu. Ukahawia wa nchani, au wa tawi zima, huo una hadithi nyingine. Fanya na hili: kwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa pabichi, tawi lina uhai. Pakiwa pakavu rangi ya chai, limekufa hata kama bado lina sindano. Juniperi ni mnafiki sana kwa hilo. Mizizi inaweza kuwa imekufa wiki kadhaa na juu bado unaona kijani, ndiyo maana watu huja kuomba msaada wakiwa wamechelewa.

Mpanda Ngazi

Shikamoo mzee. Dada Mkasi nashukuru, fundi nimemsimamisha, kanuna.

Nimetoka nje na daftari. Minne iko chini kabisa, karibu na ukuta mdogo wa mawe. Hiyo matawi mazima yalififia, yakawa manjano, sasa ni kahawia. Nimekwangua: mitatu imekufa, mmoja una matawi mawili mabichi. Wa tano uko pembeni ya njia, umeungua upande mmoja tu, kama kiraka. Wa sita uko juu, umebanwa na ukuta wa nyumba ulioelekea jua la mchana. Huo haujafa, umepauka na una vidoa vidogo vya manjano. Wa saba uko chini ya mti mkubwa, haujawa kahawia ila umekonda na umerefuka kama unatafuta mtu.

Maji: nina mipira ya matone, inafunguka kila jioni nusu saa. Udongo ni mfinyanzi, unanata. Mashimo tulichimba marefu, tukajaza samadi na mchanga ili miche ijisikie vizuri.

Mzee Kitalu

Marahaba. Hapo umeshajijibu nusu.

Hebu fikiria shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi halafu likajazwa kitu laini. Maji hupita haraka kwenye hiyo laini, yakifika kwenye mfinyanzi yanagoma. Umetengeneza bakuli, mmea umekaa ndani yake, na kila jioni unalijaza. Mizizi ikikosa hewa kwenye tope, kuvu wa kuozesha mizizi wanaingia, na ukiwaona juu wameshamaliza kazi chini.

Ujue na asili ya mmea wako. Juniperi ya kutambaa ni mmea wa kaskazini mwa Amerika, wa miamba, mchanga na nyika kavu. Hiyo 'Blue Rug' yenyewe, ambayo jina lake la kitaalamu ni 'Wiltonii', ilichukuliwa mwaka 1914 kwenye kisiwa cha Vinalhaven, jimbo la Maine, Marekani. Ni mtoto wa mawe na upepo wa bahari. Jua kali inaliweza, baridi inaiweza, udongo maskini ndio kwao. Asichokiweza ni kulala na miguu kwenye maji.

Ng'oa mmoja wa waliokufa uangalie mizizi. Myeupe au ya hudhurungi iliyo imara ni mizima. Myeusi, laini, inayochubuka ganda ukiivuta, imeoza. Halafu angalia maji ya mvua ya paa yanamwagikia wapi.

Bwana Magugu

Na wa pembeni ya njia ni mkojo wa mbwa. Nakwambia ni mbwa. Kiraka cha upande mmoja, hiyo sahihi yake naijua.

Sindano Kali

Kuhusu wa sita wa ukutani: hao ni utitiri. Joto la ukuta na ukavu ndiyo sherehe yao. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, ligonge mara tatu. Subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, ujue si vumbi. Washushe kwa maji yenye nguvu ya mpira, chini na juu ya matawi, mara kadhaa kwa siku tofauti, asubuhi ili matawi yakauke mapema. Wakizidi, tumia sabuni ya kuulia wadudu. Usikimbilie dawa kali, utaua na wadudu wanaowala utitiri, kisha utitiri watarudi wengi zaidi.

Bi Mkasi

Sindano Kali, mimi nisingefunga kesi bado. Mpanda Ngazi, hizo ncha za wa sita zina kijivu pale palipokufa kukutana na palipo hai? Ukiona kama pete ya kijivu yenye vidoa vyeusi vidogo mno, huo ni ukungu wa ncha. Unashambulia machipukizi mapya laini na unasambazwa na maji yanayorukaruka. Ukiwa ndio huo, kuupiga maji ya mpira ni kuusaidia kusafiri. Kata ncha zilizoathirika siku kavu, kusanya zote utoe bustanini, futa mkasi kwa spiriti kila unapohama tawi.

Sindano Kali

Vidoa vya manjano na kupauka, dada. Ukungu haupaushi hivyo. Ila karatasi itasema.

Mpanda Ngazi

Wakuu, karatasi imesema. Vumbi linatembea. Lakini nimeona na ncha mbili tatu zenye kijivu kama alivyoeleza dada, kwa hiyo sijui nani kashinda.

Nimeng'oa wawili wa chini. Mizizi myeusi, inanuka kama maji ya vase. Na mzee, bomba la paa linamwaga maji yake palepale, mita moja juu yao. Nimepita pale miaka miwili sijawahi kuliwaza. Mbwa wa jirani nimemshuhudia jana jioni kwa macho yangu. Bwana Magugu heshima yako.

Sasa nipande nini kwenye hayo mapengo, na nipandeje?

Mzee Kitalu

Bomba kwanza. Lielekeze kwingine kabla hujagusa jembe, la sivyo utakuwa unazika miche. Mipira ya matone izime. Iliyostawi ina miaka miwili, mizizi imeshashuka, itahitaji maji pale tu ukame ukizidi. Mche mchanga ndio unaotaka maji ya mara kwa mara, na hata huo ni kumwagilia sana mara moja kwa wiki, siyo kuulambisha kila jioni.

Pale chini panda juu ya kichuguu kipana cha udongo uleule. Shimo liwe pana mara mbili ya mzizi, kina kisizidi donge lenyewe, na shingo ya mmea ibaki juu kidogo ya ardhi. Hakuna samadi shimoni. Ukiutoa mche kwenye chungu ukakuta mizizi imejizungusha, ikate wima sehemu tatu nne, la sivyo itaendelea kuzunguka humohumo mpaka ijinyonge. Kutoka mche hadi mche acha mita moja na nusu hivi. Najua patakuwa patupu na majirani watasema. Mmea huu una kimo cha sentimita 10 hadi 15 tu lakini hutanuka mita mbili na kupita, na ukiusonga utakuja kushika mkasi ambao Bi Mkasi amekukataza.

Kwa yale mapengo madogo usinunue kitu. Chukua tawi refu la mmea jirani uliostawi, lilaze kwenye pengo, likwangue kidogo upande wa chini, libane kwa waya uliokunjwa, lifunike udongo sehemu ya kati. Litaota mizizi lenyewe.

Kaka Mbolea

Sawa wazee, nimenyooka. Ila pale patupu atandike ile nailoni nyeusi ya kuzuia magugu, hapo hamtanipinga.

Bi Mkasi

Tunakupinga na hapo! Matawi ya aina hii hujishikiza kwa mizizi kila yanapolala, ndiyo yanayozuia udongo wa mteremko. Ukitandika nailoni umeyanyima ardhi. Na baada ya muda vumbi na majani hujaa juu yake, magugu yanaota juujuu, mizizi yake inajisuka humo humo kwenye kitambaa. Weka matandazo ya magome au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Mteremko ukiwa mkali, wavu wa katani juu yake uyashike.

Kazi kubwa iko kwenye palizi ya kabla. Nyasi zenye mizizi ya kutambaa zitoe zote sasa. Zikishachomoza katikati ya juniperi utazing'oa kwa mkono, na sindano zile zinawasha vibaya. Vaa mikono mirefu.

Mpanda Ngazi

Na yule wa saba, wa chini ya mti?

Sindano Kali

Hamisha au msamehe. Inataka jua angalau saa sita kwa siku. Kivulini haifi haraka, inarefuka tu na kuacha mianya. Pale panda kitu kinachopenda kivuli.

Mpanda Ngazi (miezi mitano baadaye)

Narudisha mrejesho wakuu. Bomba limehamishwa. Nimepanda mitatu mipya juu ya vichuguu, yote iko hai. Ule uliokuwa na matawi mawili mabichi nilishindwa kuung'oa, nikaukata matawi makavu tu, una sura ya ajabu lakini umetoa ncha mpya. Wa ukutani niliupiga maji, nikakata na zile ncha za kijivu, umepona, kwa hiyo ubishi wenu bado uko wazi. Mbwa nimemwekea mawe makubwa matatu pale pembeni. Sasa anakojolea mawe.

Fundi alipita wiki iliyopita, akaangalia, akaniuliza nilitumia dawa gani.

Bwana Magugu

Ulimjibu nini?

Mpanda Ngazi

Nilimwonyesha bomba.