Wakuu, nataka kurudi kupanda nyumbu baada ya miaka 11, nianzie wapi?

BintiKongwa:

Mbukwenyi wakuu.

Kabla hamjanivamia: nyumbu ninayemsema siyo wa Serengeti. Ni yule anayezaliwa punda dume akimpanda farasi jike, baghala kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni. Huku kwetu punda wamejaa kila njia, lakini nyumbu wa namna hii unaweza kumaliza mwaka mzima hujamwona hata mmoja.

Nikiwa msichana nilifanya kazi miaka sita kwenye shamba moja chini ya Mlima Meru, nawaongoza wageni porini juu ya farasi na nyumbu. Nilikuwa napanda bila kufikiri, kama mtu anavyodandia daladala. Siku moja ya masika tunashuka korongo, nyumbu niliyempanda akasimama ghafla. Yeye akasimama, mimi nikaendelea. Mtulinga ulivunjika. Mfupa ukaunga, nikaolewa, nikajifungua, ofisi zikahamia Dodoma nami nikahama nazo, na mambo ya kupanda yakaishia hapo.

Sasa shemeji yangu ana shamba upande wa Kongwa, na ana nyumbu jike anaitwa Mashaka. Umri wake kama miaka 12, mpole, kazi yake kubeba madumu ya maji. Hajapandwa na mtu kwa miaka miwili. Shemeji kasema nikimtaka Jumamosi nimchukue. Ninachokitamani ni njia ya kutoka shambani mpaka chini ya vilima vya Kiboriani, kwenda na kurudi kama kilomita 12, asubuhi kabla jua halijachachamaa.

Nina miaka 41, kilo 78 (enzi zile nilikuwa 59), na goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi. Ila tatizo lenyewe ni hili, naona hata aibu kuliandika. Jumamosi iliyopita nilimsogelea, nikashika tandiko, mguu ukagoma kunyanyuka. Siyo kwamba nilimwogopa Mashaka, yeye alikuwa anatafuna tu. Jasho lilinitoka viganjani mpaka hatamu ikawa inateleza. Shemeji akajifanya anahesabu mbuzi.

Waliowahi kupitia hali hii nisaidieni.

Zabibu_Kavu:

Nimefungua uzi mbio nikidhani kuna mtu anataka kuvuka Mto Mara juu ya nyumbu. Haya, nakaa pembeni na karanga zangu, wajuzi waje.

BodaWaIyumbu:

Dada unajichosha na maswali. Panda, mpige kisigino, nenda. Uoga unaisha ukiwa juu. Mimi nimeanguka na pikipiki mara tatu, na kila mara kesho yake nilikuwa barabarani.

Mzee_wa_Mpwapwa:

Kijana wa boda, pikipiki haikumbuki ulivyoipiga jana. Nyumbu anakumbuka, na atakusubiri.

Binti yangu, mbukwa. Nimefuga punda tangu nina akili, na kwa miaka tisa nilitunza nyumbu wawili. Watu husema nyumbu mkaidi. Mimi sikubali. Farasi akishtuka anakimbia kwanza, kufikiri baadaye. Nyumbu ana damu ya punda: anasimama, anatega masikio, anatazama, kisha anaamua. Huyo aliyekuangusha alikuwa anafikiri, wewe ulikuwa unawaza mambo yako. Usinichukie kwa kusema hivyo, maana mimi mwenyewe nimeangushwa namna hiyohiyo nikiwa nahesabu madeni kichwani.

Weka tandiko pembeni kwanza. Jumamosi mbili au tatu mshike kamba, tembeeni wote kwa miguu njia nzima unayoitaka. Utajua anasimama wapi. Kuna wengine hawapendi daraja la magogo, kuna wengine mfuko wa plastiki kwenye mti unawatosha. Yajue hayo ukiwa chini. Na yeye akujue harufu na sauti, maana kwa sasa wewe kwake ni mgeni tu mwenye mikono inayotetemeka. Akisimama, usimvute. Simama naye, hesabu mpaka thelathini kimyakimya. Akishusha kichwa au akilamba midomo, mwambie twende. Ukimvuta mnashindana nguvu, na kwa nguvu humwezi.

Umesema nyumbu ni adimu huku; farasi pia, na sababu ipo. Babu zetu walisimulia vita vya 1916, jeshi la Afrika Kusini lilipofika Kondoa mwezi wa Aprili na farasi wengi mno. Maradhi yaliwamaliza farasi kwa maelfu, njia zikanuka. Punda wa Wagogo hao mpaka leo wanabeba maji.

MifugoBahi:

Mzee kasema kweli. Ugonjwa wa farasi unaoenezwa na vidudu vidogo vinavyouma usiku huua farasi wengi, nyumbu huupata kwa nafuu kidogo, punda ndiye mvumilivu kuliko wote. Kwa hiyo msimu wa mvua Mashaka alazwe ndani kuanzia machweo.

Sasa dada, kuna jambo hapo juu mmelipita. UZITO. Kanuni tunayoitumia ni asilimia 20 ya uzito wa mnyama, na hiyo ni wewe PAMOJA na tandiko, maji na simu yako. Mgongo imara kwa mwendo mfupi unaweza kuvumilia zaidi kidogo, lakini usiifanye tabia. Huna mizani ya ng'ombe? Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, halafu gawanya kwa 11,880. Utapata kilo kwa makadirio.

Hapo hapo waambie wanaopanda punda wetu hawa wadogo: punda wa kilo 130 kubeba mtu mzima wa kilo 80 ni mateso. Tumezuia machinjio ya punda mwaka 2022 halafu tunawavunja migongo wenyewe.

Lingine, na hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu: mwambie shemeji asimwogeshe Mashaka dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi. Kwa ng'ombe ni sawa. Kwa jamii ya farasi inaweza kusimamisha utumbo, mnyama akafa kwa tumbo. Asome kibandiko. Na pumba za kuku zenye dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo vya kuku) asizionje kabisa. Chanjo ya pepopunda muulize daktari wa wilaya, kwato zisafishwe kabla na baada ya kila safari, mbigili na vijiwe vya huko Kongwa mnavijua.

MamaWawili_Hombolo:

Mimi sijui nyumbu ila najua kuvunjika. Nilivunjika nyonga kwa kuanguka kwenye farasi wa watu, nikakaa miaka saba bila kupanda.

Shoga, mguu kugoma siyo uvivu. Mwili unakumbuka hata pale wewe umesahau. Mimi nilijiwekea kazi ndogo za kijinga. Siku ya kwanza kumfunga tandiko, basi, naenda nyumbani. Siku ya pili kusimama juu ya jiwe kando yake. Siku ya tatu kuegemea tumbo juu ya tandiko kama gunia la mahindi, kisha kushuka. Ukiweza kushuka mwenyewe bila kuvutwa, kichwa kinatulia, kinajua mlango wa kutokea uko wapi. Watu wote hufundisha kupanda, hakuna anayefundisha kushuka.

Panda ukiwa juu ya jiwe au ngazi, kila mara. Ukining'inia upande mmoja kwenye kikuku, pale pa kukanyagia mguu, unampinda mgongo yeye, na goti lako nalo. Nyumbani simama kwenye ukingo wa ngazi, shusha visigino, hesabu ishirini, asubuhi na jioni. Kuchuchumaa polepole pia. Na kichwa kifunike. Kofia ya bodaboda haikutengenezwa kwa kazi hii, nzito na inaziba masikio, lakini kuliko fuvu tupu juu ya mawe ya korongo, ivae.

BodaWaIyumbu:

Nimekaa kimya nimesoma. Naomba kufuta la kisigino. La kofia nimelipokea hata mimi.

BintiKongwa:

Wakuu, zimepita wiki tano, nimeahidi kurudi, nimerudi.

Kwanza vipimo. Kifua 158, urefu 150. Nikapiga hesabu kwenye simu mara tatu nikidhani nimekosea: kilo 315. Asilimia 20 yake ni 63. Mimi peke yangu 78, tandiko la shemeji kilo 11. Shemeji akaniambia tupime tena, labda alikuwa amevuta pumzi ndani. Tukapima, yaleyale.

Tandiko lenyewe sasa. Kabla ya kumfunga nilikumbuka tulivyofundishwa zamani, nikaukanyaga mkanda wa tumboni ncha moja na kuuvuta kwa mikono miwili. Ukakatika kama mkate mkavu. Kwa nje ulikuwa unang'aa, kumbe shemeji alikuwa anaupaka mafuta ya kula, na ndani uzi wote umeoza, panya nao wamekula upande wa pamba. Yaani Jumamosi ile mguu uliogoma, kama usingegoma, ningekuwa chini na tandiko kichwani. Fundi viatu wa Kibaigwa kaushona upya kwa uzi wa nailoni, na tandiko nimeazima jingine jepesi, kilo 6.

Jumamosi tatu nilitembea na Mashaka kwa kamba kama mzee alivyoelekeza. Tunapita kwenye tambarare zile zilizokuwa za mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947, upepo tu na nyasi. Alisimama sehemu mbili. Moja ni pale kipande cha turubai la buluu kimenasa kwenye mgunga. Nikasimama naye. Masikio yote mawili mbele, pua zinafunguka na kufunga. Nilifika ishirini na saba kabla hajalamba midomo. Nilikuwa nimejiegemeza begani kwake bila kujua, na nilipotazama mikono yangu ilikuwa mikavu.

Sehemu ya pili ni korongo lenye mchanga. Pale aliyesimama nilikuwa mimi. Mashaka ndiye aliyesubiri.

Jumamosi iliyopita nimepanda. Kwa ngazi ya jikoni niliyoibeba kwenye gari, shemeji akicheka. Dakika kumi, tambarare tupu, hatua za kutembea tu, kisha nikashuka mwenyewe. Mtulinga ulichomachoma kidogo siku ya pili, mapaja ndiyo usiseme, ofisini nilishuka ngazi kinyumenyume.

@MifugoBahi, dakika kumi na kilo zangu hizi, nimemkosea?

MifugoBahi:

Kwa tambarare na dakika hizo hapana. Mpapase mgongo baada ya kuvua tandiko, akikunja kiuno au akihamisha mguu, pumzika wiki. Kilimani na korongoni shuka utembee, hata ukipungua kilo. Kilomita 12 zote juu yake zisahau kwa sasa. Na amitrazi?

BintiKongwa:

Shemeji alikuwa nayo stoo, lita nzima. Kaigawa kwa jirani mwenye ng'ombe.

Mzee_wa_Mpwapwa:

Vizuri binti. Korongo lile msivuke mvua zikianza, hata yeye akikubali.

BintiKongwa:

Sawa mzee. Jumamosi hii tunaenda tena, robo ya njia juu yake na zilizobaki kwa miguu. Ngazi ya jikoni nimeiacha shambani, na tangu juzi mume wangu anaitafuta abadilishe taa ya sebuleni.