Siku moja Uskoti: Stirling au Blantyre?

Muuliza swali, Kigoma: Shikamooni. Tuko sita, tutakuwa Glasgow mwezi Juni na tuna siku moja tu ya kuzuru maeneo ya kihistoria. Je, Stirling na Blantyre vinawezekana pamoja?

Jibu, Ujiji: Marahaba. Inawezekana, mradi muanze mapema na Stirling, kwa kuwa ngome yake juu ya mwamba inahitaji saa kadhaa, na Bannockburn, ambako mfalme Robert Bruce wa Uskoti aliwashinda Waingereza mwaka 1314, iko jirani.

Jibu, Tabora: Mimi ningeiacha Bannockburn. David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, alizaliwa Blantyre mwaka 1813, katika chumba kimoja cha familia ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba; aliyeliona tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone karibu na Tabora, atashangaa.

Muuliza swali: Basi Blantyre haiachwi.