Geti la slaidi, la mbawa mbili ama beria: kipi chadumu huku kwetu pwani?

Abuu_Bamburi
Assalam aleikum waungwana, hamjambo nyote. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nna nyumba Bamburi hapa Mombasa, karibu na bahari hivi kwamba usiku wasikia mawimbi, na nna godauni ndogo Shimanzi twashusha mchele na sukari. Nyumbani nataka geti la rimoti manake mke wangu hurudi kazini saa mbili, saa tatu usiku, na ile kushuka garini kwenda kufungua geti na watoto wamelala kiti cha nyuma yanikosesha raha kabisa. Fundi wa kwanza kanambia slaidi, lile geti la kuteleza pembeni juu ya reli, wa pili kasema nibaki na mbawa mbili nitie mikono ya umeme ya kuzisukuma, wa tatu yeye ati niweke beria, ule mkono wa kuinuka na kushuka kuzuia gari, kote kote nyumbani na kazini yaishe. Kila mtu avutia kwake. Nyinyi mnaoishi nazo, kipi chadumu? Geti la sasa ni mbawa mbili, chuma, upana mita 4, na ukishaingia ardhi yapanda kidogo kuelekea nyumba.

FundiMota_Kisauni
Waaleikum salaam kaka. Hilo la mwisho ndilo la kwanza kuangalia. Ardhi ikipanda kwa ndani, mbawa zikifunguka zitakwaruza chini, na ukizikata ili zisikwaruze utaacha uwazi chini mtu atambae apite. Kuzifungulia nje barabarani usithubutu, kuna watoto wa madrasa wapita. Kwako wewe ni slaidi. Lakini slaidi yataka ukuta wa pembeni uwe mtupu, geti la mita 4 wahitaji kama mita 4 na nusu hadi 5, kusiwe na mwarobaini, mita ya maji wala kibanda cha askari. Pima kesho asubuhi kabla hujaongea na mtu yeyote kuhusu bei.

Dada_wa_Tudor
Mimi nna mbawa mbili Tudor, mwaka wa sita huu, na siwezi kubadilisha. Kwetu ni tambarare na ukuta wa pembeni ni wa jirani, slaidi ingeenda wapi? Mkono mmoja ulipoungua tulikuwa twatumia ubawa mmoja hadi ukaja mwengine, gari ndogo yapita vizuri tu. Shida yangu ilikuwa upepo. Mume wangu alitaka tuzibe bati lote watu wasichungulie, kusi ilipoanza kuvuma geti likawa kama tanga la jahazi, mikono yasukuma, yashindwa, yarudi, nasi tuko nje kwenye mvua twabonyeza rimoti. Tukatoa bati tukaweka mbao nyembamba zenye nafasi, upepo wapita, na hakuna anayeona ndani. Tangu hapo imetulia.

Mzee_Kizingo
Vijana, mwalinganisha mbawa na slaidi lakini adui wenu mkubwa ni chumvi. Mimi niko mkabala na bahari. Slaidi ya kwanza niliwekewa meno, yale yanayosukumwa na gia ya mota, ya chuma cha kawaida yaliyopigwa rangi tu, haukutimia mwaka wa pili yakaanza kutoa kutu kama maganda ya muhogo, kila likipita lasaga. Bolti za mota nazo nilipotaka kuzifungua zilikatika. Geti la pili nilihakikisha chuma kimechovywa zinki baada ya kuchomelewa, si kabla, manake pale kwenye welding ndipo kutu huanzia. Bolti zote stenlesi. Na kila wiki mtunza bustani alimwagia maji baridi reli na magurudumu kuosha chumvi na mchanga. Jengine: fungueni kile kisanduku cha bodi, yaani saketi ya mota, mara kwa mara. Changu siku moja kiligoma, kufungua nikakuta mjusi amekauka juu ya saketi na sisimizi wamejenga. Tundu la nyaya lizibwe kwa silikoni.

FundiMota_Kisauni
Shikamoo mzee, umesema kweli tupu. Niongeze hapo, msipake grisi kwenye meno. Watu huona yapiga kelele wakapaka, mchanga ukashika, ukawa kama msasa unaokula gia. Kelele mara nyingi ni kwamba geti limekalia gia, uzito wote uko kwenye mota badala ya magurudumu. Kati ya meno na gia pabaki nafasi ya milimita 1 hadi 2. Na kabla ya kuweka mota yoyote, sukuma geti kwa mkono mmoja. Likikushinda wewe, mota utaiua. Watu hununua mota kubwa kuficha geti bovu.

Shimanzi_Stoo
Salaam. Abuu mimi niko Shimanzi pia, nizungumzie beria manake naona hamjaigusa. Beria kwa nyumba hapana, haizuii mtu kwa miguu, anainama anapita. Kazi yake ni kupanga magari. Mchana kwenye stoo yenye lori zaingia zatoka haina mpinzani, yafunguka kwa sekunde chache, haichoki, wakati geti zito la slaidi ukilifungua mara mia kwa siku mota yachemka na kujizima. Kwa hiyo sisi tuko na vyote, beria mchana, saa kumi na mbili jioni geti zito lafungwa nyuma yake na kufuli.

Sasa sikiza hapa vizuri. Tulichimbiwa lupu, yaani waya unazungushwa chini ya lami, wahisi chuma cha gari na kuzuia mkono usishuke. Tulidhani tumemaliza. Siku ya tatu trela iliingia, ile chesisi yake iko juu sana, kichwa kikapita, lupu ikaona chuma kiko mbali ikadhani gari limeondoka, mkono ukashuka kati ya kichwa na magurudumu ya nyuma. Ulivunjika vipande viwili. Halafu kuna mikokoteni! Mkokoteni ni mbao, chuma chake ni ekseli tu, lupu haiuoni. Hamali wetu mmoja almanusura mkono umpige kichwani, huku ana gunia la kilo 90 mbele yake. Tukaongeza macho ya sensa pembeni, yakiona chochote mkono haushuki, na tukatenga njia ya mikokoteni na watu kando kabisa ya beria. Hiyo njia ya kando iweke kwenye ramani tangu mwanzo, tafadhali, hawa wanaobeba mizigo yetu ni watu.

Mama_Mikindani
Naomba niseme kitu kwa sababu Abuu umetaja watoto. Tuna slaidi ya vyuma vilivyosimama vyenye nafasi katikati. Mwanangu alikuwa na miaka 4, babake alibonyeza rimoti kutoka garini, mtoto akarukia geti apande kama farasi, mkono wake umepenya kati ya vyuma. Geti lilikuwa lampeleka kwenye nguzo. Mimi nilikuwa natandaza nguo, nilipiga kelele sijui nilisema nini, babake akabonyeza tena likasimama, imebaki nafasi ya kiganja kimoja tu mkono wake ufike kwenye nguzo. Macho ya sensa tulikuwa nayo! Lakini yaangalia njia ya gari, mtoto aliyening'inia kwenye geti hayamuoni. Baada ya hapo tulifunika upande wa ndani wote kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, kidole hakiingii, na upepo wapita. Na rimoti haibonyezwi mpaka uone geti kwa macho yako.

Abuu_Bamburi
Mamangu, nimesoma hiyo mara mbili na moyo wanienda mbio, alhamdulillah mtoto yuko salama. Wavu nimeuandika wa kwanza. Sasa stima je? Kwetu hupotea na ikirudi hurudi kwa kishindo. Na hizi rimoti, nasikia watu wazikopi.

FundiMota_Kisauni
Kaka chukua mota ya volti 24 yenye betri ndani, stima ikipotea utafungua mara kadhaa bila wasiwasi. Hizo za volti 240 moja kwa moja zina nguvu lakini stima ikienda umebaki na ufunguo wa kuachilia mota. Ufunguo huo kila mtu mzima nyumbani ajue uliko na ajue kuutumia, mke wako ajaribu gizani mara moja. Betri kwa joto letu usitarajie miaka mingi, ipime kila mwaka. Weka kinga ya umeme kabla ya bodi, manake stima ikirudi ndiyo huunguza. Rimoti chukua zile ambazo kodi, yaani namba yake ya siri, hubadilika kila ukibonyeza, za kodi moja ndizo hukopiwa dukani kwa dakika tano. Ikipotea moja, ifutwe kwenye bodi siku hiyo hiyo.

Na stopa! Chuma kizito kilichomwagiwa zege mwisho wa reli pande zote mbili, na roli za juu za kulishikilia geti. Limiti, ile swichi ya kusimamisha geti mwisho wa reli, ikikosea geti hutoka relini likaanguka, kilo mia nne hizo. Mimi siwashi mota kama stopa hazipo, hata mteja akinuna.

Dada_wa_Tudor
Hapo kwa mke kujaribu gizani naunga mkono. Na taa ya getini iwake yenyewe geti likifunguka, aone kama kuna mtu amesimama kando kabla hajaingia. Asubiri lijifunge nyuma yake kabla hajashuka.

Abuu_Bamburi
Nimepima asubuhi hii, ukuta wa kushoto nna mita 5 na robo, kuna mpapai mmoja tu utahamishwa. Basi nyumbani ni slaidi, volti 24, chuma cha zinki, wavu ndani, stopa. Shimanzi beria na geti nyuma yake, na njia ya mikokoteni kando. Fundi, kile kiteremko, maji ya mvua yashukia getini, reli haitajaa?

FundiMota_Kisauni
Itajaa. Chimba mfereji upande wa ndani kabla ya reli, uweke chuma cha matundu juu, maji yatoke pembeni. Na mota iinue juu ya zege sentimita 15 kutoka ardhini. Mfereji uanze kabla ya mvua za Aprili, nitumie picha ukishachimba.