Besi yangu inanguruma ukumbini lakini noti hazisikiki. Nifanyeje?

Nyuzi Nne ameuliza:

Hamjambo, wanamuziki wenzangu. Mimi hupiga gitaa la besi katika bendi ya watu watano hapa Nairobi. Hakuna kati yetu anayetegemea muziki kupata riziki. Kila mmoja ana kazi yake ya mchana, nasi hukutana Jumatano jioni katika chumba cha mazoezi tunachokodi Ngara, kisha Jumamosi mbili kwa mwezi tunapiga katika mkahawa mmoja upande wa Lang'ata. Nyimbo zetu ni za kopi: zilizopendwa, rumba, benga kidogo, na rege usiku unapokolea.

Shida yangu ni hii. Mazoezini kila noti ninayoipiga husikika vizuri, lakini tukifika mkahawani besi hugeuka kuwa mngurumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Jukwaa limewekwa pembeni kabisa, pale kuta mbili za mawe zinapokutana, na paa ni la mabati. Mwenye mkahawa ameniambia mara mbili kwamba anausikia mtikisiko lakini hausikii wimbo, na mwimbaji wetu analalamika kwamba hukosa pa kushika anapoanza ubeti kwa sababu haitambui noti niliyopiga. Jumamosi iliyopita niliongeza sauti, kisha nikazungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Wateja wa meza za nyuma walihamia nje, na mimi mwenyewe bado sikujisikia.

Gitaa langu ni la nyuzi nne, na amplifaya ni ya wati 100 yenye spika moja ya inchi 12. Nimeanza kuweka akiba ili ninunue kubwa zaidi. Je, hilo ndilo suluhisho, au kosa liko mikononi mwangu?

Kijana wa Solo amejibu:

Ndugu, kwa ukumbi wenye watu wanaokula na kuzungumza, wati 100 ni chache. Pita Luthuli Avenue ulinganishe bei, na usikubali chini ya wati 300. Besi isiyo na nguvu hulemewa na dramu, na bendi nzima huonekana changa.

Fundi Mitambo amejibu:

Naomba kutofautiana na ndugu wa solo kabla akiba ya mwenzetu haijaisha. Ukiongeza nguvu za amplifaya maradufu, kutoka wati 100 hadi 200, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Zaidi ya hayo, Nyuzi Nne ametueleza kwamba wateja walihama. Sauti ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni uwazi wake, na uwazi haununuliwi kwa wati.

Fikiria jinsi sauti ya besi inavyosafiri. Uzi wa E, ule mnene, ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi kubwa namna hiyo halitoki kwenye spika likaelekea mbele kama sauti ya solo. Huenea pande zote, hugonga ukuta na kurudi, kisha hukutana na jingine linalokuja. Mahali pengine mawimbi hayo hujumlishana na noti ikavimba, na hatua chache kando hufutana na noti ikatoweka. Ndiyo maana wewe uliyesimama karibu na amplifaya hujisikii huku aliye mezani anatikisika kifua. Kona ya kuta mbili za mawe ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kila ukuta huongeza sauti za chini, na sakafu nayo huongeza za kwake.

Basi anza hivi. Itoe amplifaya kwenye kona, hata kama ni mita moja na nusu tu. Iinue juu ya kreti imara ya soda au kiti kisichotikisika, ili spika ielekee masikio yako badala ya magoti. Kisha rudisha kitufe cha besi katikati, ukipunguze kidogo hata chini ya hapo, na uongeze sauti za kati. Ukiwa peke yako utaona gitaa limekuwa kavu na halipendezi. Usiogope, wala usirekebishe kabla bendi nzima haijaanza kupiga, kwa maana uzuri wa besi ikiwa peke yake na manufaa yake ndani ya bendi ni mambo mawili tofauti. Wakati wa kujaribu mitambo, mwachie mwenzako gitaa dakika mbili, uende ukasimame karibu na jikoni au mlangoni, usikilize kutoka huko.

Jambo jingine ni umeme. Umeme wetu wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo ya gitaa) ya uzi wa E hutetema mara 49. Mfumo ukiwa na mvumo wa umeme, mvumo huo utakaa karibu kabisa na noti hiyo, na kila wimbo wa ufunguo wa G utachafuka. Kagua waya zako, na usizikunje pamoja na waya za umeme. Nimewaona watu wakikata pini ya tatu ya plagi ili mvumo uishe. Tafadhali usifanye hivyo kamwe, hata mara moja: pini hiyo ndiyo inayokukinga umeme ukivuja, na wewe umeshika nyuzi za chuma huku mwimbaji ameweka mdomo kwenye maikrofoni.

Mpiga Dramu amejibu:

Mimi nitasema la upande wangu tu. Je, wewe na mpiga dramu wenu mmewahi kufanya mazoezi wawili peke yenu? Noti yako ikitangulia au ikichelewa kidogo tu kuliko ngoma ya mguu, msikilizaji hasikii vitu viwili, anasikia fujo moja. Chukueni nusu saa kabla ya wengine kufika, mpige wimbo mmoja polepole, mkubaliane kila pigo la mguu linaanguka wapi. Katika rege mkumbushane kwamba uzito uko kwenye pigo la tatu; besi ikijaza pigo la kwanza kwa mazoea ya rumba, wimbo hupoteza mwendo wake.

Mzee wa Rumba amejibu:

Mwanangu Nyuzi Nne, yale ya fundi yatekeleze yote, lakini umeuliza pia kuhusu mikono yako, na hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo.

Nilijifunza besi kwa kusikiliza redio ndogo iliyokuwa jikoni kwa mama, spika yake haizidi kiganja cha mkono. Redio ile haikuwa na uwezo wa kutoa sauti ya mitetemo 41 kwa sekunde, na hata hivyo niliifuata kila noti ya besi, nikaikariri. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa sababu: uzi wa E haupigi 41 pekee, hupiga pia 82, na 123, na kuendelea, na sikio likizipata hizo za juu hujua lenyewe noti ya chini ni ipi. Wewe umezungusha kitufe ukaongeza ile 41 isiyotambulika, ukazifunika hizo nyingine zinazomwonyesha mwimbaji wako njia.

Sasa jiulize kila noti yako inakaa muda gani. Wapiga besi wengi wachanga hujifunza noti inaanzia wapi, hawajifunzi inakomea wapi. Ukipiga noti ukaiacha iendelee hadi ijayo, katika ukumbi wa mawe na mabati ile ya kwanza bado inazunguka wakati ya pili inaingia. Inua kidole cha kushoto kidogo bila kukitoa kwenye uzi, noti ikome. Na unapopiga uzi wa D au G, hakikisha kidole gumba cha kulia kimelala juu ya uzi wa E, kwa sababu spika yenyewe huutikisa uzi ulio wazi nao ukaanza kulia bila kuombwa. Nadhani nusu ya mngurumo unaoueleza unatoka huko.

Msikilize Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa hapa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kujitenga na Simba Wanyika. Kwangu mimi hakuna shule ya besi iliyo bora kuliko hiyo. Usihesabu noti anazopiga. Sikiliza mahali ambapo hapigi, na jinsi gita la rithimu linavyopita ndani ya nafasi hiyo. Benga ni kazi nyingine: huko besi hukimbia na kurukaruka ikijibizana na magitaa, na kwa hiyo ufupi wa noti unahitajika zaidi. Ukishindwa kuzikata katika mwendo huo, punguza idadi yake.

Kuhusu amplifaya kubwa, iache kwanza. Akiba hiyo nunua seti moja ya nyuzi mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa hupoteza sauti zile za juu tunazozizungumzia. Wako wanaozichemsha ili zirudi. Hurudi kwa siku chache.

Nyuzi Nne ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee. Tulipiga juzi Jumamosi. Niliitoa amplifaya kwenye kona, nikaiweka juu ya kreti, nikapunguza besi na kuongeza sauti za kati. Mpiga dramu wetu alikubali kufika mapema Jumatano, tukapiga nyimbo mbili tu kwa dakika arobaini, na tukagundua kwamba katika wimbo mmoja tumekuwa tukipishana tangu siku ya kwanza.

Nilipokwenda kusimama mlangoni huku mpiga kinanda akinishikia gitaa, niliisikia besi yetu kwa mara ya kwanza jinsi wateja wanavyoisikia. Mwimbaji aliingia kila ubeti bila kunitazama. Bado noti moja huvimba kuliko zote, A ya uzi wazi, hata nikiipiga taratibu. Nimeanza kuipiga kwenye freti ya tano ya uzi wa E ili niweze kuikata upesi, na ninaona inasaidia, ingawa si sana. Fundi, je, kuna namna ya kuipunguza hiyo peke yake kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, bila kuziharibu jirani zake? Tunapiga tena baada ya wiki mbili.

Fundi Mitambo amejibu:

Ipo. A hiyo ni mitetemo 55 kwa sekunde. Ikiwa mikisa ya hapo ina ikwalaiza ya vitelezi 31, kila kitelezi kikipandisha au kushusha sauti za mitetemo fulani, shusha kidogo kile cha 50 na kile cha 63, kwa desibeli 3 au 4 tu, usizidishe. Kama haina, sogeza amplifaya nusu mita nyingine mbali na ukuta wa nyuma, upige A hiyo hiyo, na mtu asimame mlangoni akuambie.