Naomba ushauri: jicho la mtoto linajaa tongotongo, dawa ikiisha linarudi

Habari zenu wapendwa, shikamooni wakubwa. Niko Makorora, Tanga, nina mtoto wa kiume wa miezi saba. Jicho lake la kushoto limekuwa likilengalenga machozi tangu mchanga. Akiamka asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo za njano, la kulia liko safi kabisa. Hana homa, jicho si jekundu, halijavimba, ananyonya vizuri.

Zahanati walinipa tetrasaiklini ya kupaka. Akipakwa, linakauka, tube ikiisha, hali ileile. Nalisafisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, natoka upande wa pua kwenda nje, kila pamba mara moja tu naitupa. Mama mkwe ananisihi nimkamulie maziwa ya mama jichoni. Namheshimu sana, ila hapo nimekataa, naogopa kumwongezea vijidudu.

Muuguzi mmoja ameniambia huenda mfereji wa machozi haujafunguka, na kwamba kwa watoto wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka. Amenielekeza kukandamiza taratibu kwa kidole safi pembeni ya pua, kwenye kona ya jicho, nikishuka chini. Nafanya, lakini moyo hautulii, jicho la mtoto si kitu cha kubahatisha.

Naomba kujua: waliopitia hili, mliendelea kukanda tu mpaka likapona, au mtoto alizibuliwa hospitali, na akiwa na umri gani? Na kwa kliniki ya macho pale Hospitali ya Bombo hapa Tanga, naweza kwenda moja kwa moja au lazima barua ya rufaa?