Nimejaribu toleo jipya la D&D usiku mmoja. Nihamishe kampeni sasa au tumalize kwanza?

Kibwengo_wa_Saba

Wakuu, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi.

Naendesha kampeni (hadithi moja ndefu ya vikao vingi) ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, yenye wachezaji watano. Huu ni mwaka wa pili, wote wako ngazi ya 5, na tunatumia kanuni za 2014. Wiki iliyopita mmoja alipata udhuru. Sikutaka hadithi isonge bila yeye, kwa hiyo nikawatengenezea wanne waliobaki wahusika wapya wa ngazi ya 3 kwa kitabu cha wachezaji cha 2024, tukapigana pambano moja tu la majaribio. Zimwi mmoja na vibwengo sita, juu ya daraja la kamba. Maadui niliwachukua kwenye kitabu changu cha zamani kama walivyo: zimwi uhai 59, kibwengo uhai 7.

Kilichonifanya niandike ni huyu mchezaji wangu wa mpiganaji. Kwa mwaka na nusu zamu yake imekuwa neno moja: "Nampiga." Anatupa dadu, anataja madhara, anarudi kwenye simu. Simlaumu, maana mpiganaji wa aina aliyoichagua hana kingine cha kufanya kwa kanuni tulizonazo.

Sasa kwenye toleo jipya kila silaha ina umahiri wake, yaani mbinu yake ya ziada, na mpiganaji anaanza na silaha tatu za namna hiyo. Rungu zito la mikono miwili linaangusha, shoka kubwa linapitiliza hadi kwa adui wa pembeni, nyundo ya vita inasukuma. Zamu ya kwanza akamwangusha zimwi kwa rungu. Mnyatiaji akaja nyuma yake, akatupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa kwa sababu jitu liko chini, akalichoma vibaya sana. Jamaa wa "nampiga" akaweka simu kifudifudi mezani. Zamu ya pili ananiuliza, kwa upole kabisa: "Hii nyundo inasukuma futi ngapi?"

Futi 10. Adui hatupi hata dadu ya kujinusuru, ile ya kuona kama ataponyoka. Inamsukuma yeyote asiyezidi ukubwa wa zimwi, naye zimwi yumo.

Na mimi mwenyewe ndiye niliyewaweka darajani.

Zimwi akaenda bondeni akiwa na uhai zaidi ya 30. Watu wakapiga kelele mpaka nikaogopa tutafukuzwa. Nimeendesha mapambano mengi, sijawahi kumwona yule bwana amesimama kwenye kiti.

Lakini ule mzunguko wa kwanza wa rungu ulikuwa mrefu. Kila likigonga, ninatupa dadu ya kujinusuru, nahesabu, nauliza kiwango cha kufikia ni kipi, mtu anafungua kitabu. Halafu aliyekosekana siku ile ndiye paladini wetu, shujaa wa kiapo, na najua anachokipenda: kupiga mara mbili katika zamu moja na kumimina nguvu ya mungu wake kwenye mapigo yote mawili. Toleo jipya limeigeuza nguvu hiyo, ule moto wake, kuwa uchawi unaokula kitendo cha ziada, ambacho unacho kimoja tu, yaani mara moja tu kwa zamu. Sijamwambia.

Nihamishe kampeni nzima sasa, au tumalize na za zamani?

Rungu_na_Ngao

Hama mkuu. Sisi tulihama tukiwa ngazi ya 6, wahusika wakiwa wamelala usingizi mrefu wa usiku. Kulipokucha kila mtu alikuwa na karatasi mpya ya mhusika wake, na hakuna aliyehoji kwenye hadithi.

Kuhusu kuchelewa, tatizo si rungu. Tatizo ni kwamba wewe ndiye unayetunza namba. Mpe mpiganaji kikaratasi. Kwa ngazi ya 5, kama nguvu zake ni 18, kiwango ni 8 jumlisha 4 ya nguvu jumlisha 3 ya ngazi, yaani 15. Akigonga aseme mwenyewe "kumi na tano". Wewe unatupa, unaongeza 3 za zimwi, basi. Ukipata 12 kwenda juu amesimama. Na adui akishaanguka kwa pigo la kwanza, pigo la pili msitupe tena kwa ajili ya kuangusha. Utashangaa ni mara ngapi watu wanamwangusha mtu aliyelala.

Mkongwe_wa_Kete

Mimi nilianza na toleo la tatu mwaka 2000. 2003 likarekebishwa, tukanunua vitabu upya. 2008 la nne, tukagombana, kikundi kikavunjika vipande viwili. 2014 la tano, tukarudiana. Kwa hiyo nikikwambia subiri, si uzee unaosema.

Ulijaribu pambano. Hukujaribu kampeni. Uchawi wa kuponya kwa kugusa ulikuwa unarudisha dadu moja ya pande 8, sasa ni mbili. Ule wa kuponya kwa neno ulikuwa dadu moja ya pande 4, nao sasa mbili. Dawa ya chupa unainywa kwa kitendo cha ziada na bado unapiga. Kuvamiwa ghafla hakukunyimi zamu tena, unatupa tu dadu ya kutangulia, ile ya kupanga nani anaanza, mara mbili na kuchukua ndogo. Weka yote hayo mbele ya maadui wa kitabu cha 2014, uone kama kuna atakayeogopa. Kampeni yako ni ya vita au ya hofu? Kama ni ya hofu, imalize ilivyo. Kama ni ya vita, hama, lakini tafuta na kitabu cha maadui kilichotoka 2025, usichanganye.

Na huyo paladini umwambie wewe, leo. Asije kuyasikia kwa yule wa nyundo.

MamaPaladini

Mimi ndiye paladini niliyehamishwa bila kuulizwa, kwa hiyo nisikilize.

Nilinuna vikao viwili. Si utani, nilikuwa natupa dadu kama mtu anayelipa deni. Kinachouma si madhara kupungua. Ni kwamba ule uamuzi wa kumimina kila nilichonacho kwa adui mmoja ndio uliokuwa mhusika wangu. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira yake ikawekewa foleni.

Kilichonirudisha ni farasi. Ngazi ya 5 paladini anapata kumwita farasi wake mara moja bila kulipia nguvu ya uchawi, kisha akishalala vizuri anaweza tena. Hata kuponya kwa mikono sasa ni kitendo cha ziada, ingawa hapo inabidi uchague, kuponya au moto, huwezi vyote viwili. Kwa hiyo usimwanzie na habari ya moto. Mwanzie na farasi, muulize anaitwa nani. Halafu mwambie lile lingine siku hiyohiyo, usifiche.

Kibwengo_wa_Saba

Nimerudi. Asanteni, hasa MamaPaladini.

Nilimpigia paladini. Nikaanza na farasi kama nilivyoelekezwa. Akanikatiza: "Umeninyang'anya nini?" Ananijua. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema tumalize kuzingirwa kwa mnara kwa kanuni tulizonazo, kwa sababu kule juu kuna adui mmoja ambaye yeye paladini ameapa kummiminia moto mara mbili tangu ngazi ya 2, na hataki kumdai nusu. Baada ya hapo tuhame. Sikuwa na cha kubisha.

Kwa hiyo ni vikao viwili au vitatu hivi, halafu wote wanalala, wanaamka na karatasi mpya. Mkongwe, kitabu cha maadui nimeshakitafuta.

Tatizo ni mpiganaji. Nilimwambia avumilie, nyundo inakuja, ila mpaka mnara uishe yeye ni "nampiga". Akakubali vizuri tu. Jana usiku, saa sita na kitu, akanitumia ujumbe: "Kule juu ya mnara pembeni kuna ukuta, au pako wazi? Naulizia kwa baadaye."

Bado sijamjibu. Nachora ukuta.